Msumari wa Muuza Vifungo

Chumba cha mavazi kiko nyuma ya jukwaa, juu ya ngazi ya mbao ambayo kipandio chake kimoja kilikatika zamani na hakuna aliyewahi kukitengeneza. Ukitaka kumwona Mama Pini, sharti kwanza ujue kuruka. Jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kuzungumza huku amebana pini mdomoni. Wageni humwona kama mtu mwenye hasira, maana midomo yake haifunguki sawasawa. Waliomzoea wanajua kwamba Mama Pini akikasirika huzitoa pini kwanza.

Ni mwanamke mnene kidogo, mwenye miguu iliyovimba kwa kukanyaga cherehani, na ameshona mavazi ya jumba lile la maonyesho tangu alipokuwa msichana. Mumewe huendesha basi la shule. Watoto wameshakua na kila mmoja ana mji wake. Asubuhi hufika kabla ya wenzake wote, hufungua dirisha linalotazama barabarani, huwasha pasi, na kabla haijapata moto huwa ameshajua nani kachelewa kazini katika maduka ya upande wa pili.

Vipimo haandiki. Anasema tarakimu humkimbia. Kila mwigizaji humkatia utepe wa kitambaa cheupe cha bitana, urefu wake ukiwa urefu wa mtu kutoka begani mpaka kifundo cha mguu. Kisha katika utepe huohuo hutia alama kwa ncha ya mkasi: mkato mmoja upana wa mabega, miwili kiuno, mitatu nyonga, na kuendelea. Utepe mmoja ni mtu mzima. Ukutani amepigilia misumari, kila msumari na nafasi yake katika mchezo: huu wa mwenye nyumba, huu wa karani, huu wa mama mkwe. Mwigizaji akipewa nafasi, utepe wake hutundikwa kwenye msumari wake. Akitolewa, hushushwa. Wakati wa kukata kitambaa, Mama Pini hunyoosha mkono kwenye msumari bila hata kugeuza shingo.

Misumari hiyo ndiyo iliyozaa mchezo wao wa pembeni, yeye na Giza.

Giza ndiye fundi wa taa. Jina linamfaa kuliko mtu asiyemjua anavyoweza kudhani, kwa sababu kila onyesho linapokaribia kuanza, yeye huita kutoka juu, "Giza!" ili walio nyuma ya pazia wasimame walipo wasije wakavunjika miguu. Siku zisizo na onyesho hupanda ngazi na kikombe chake cha chai, hukaa juu ya kreti, na wawili hao huanza kile wanachokiita kutundika.

Kutundika ni hivi. Unachukua mchezo wa nyimbo ulioonyeshwa pale jukwaani, unasema: tuseme sasa unatolewa filamu, nani awe nani? Jukwaani, Giza hupenda kueleza, unachagua mtu kwa sauti, kwa sababu lazima imfikie yule aliyekaa benchi la mwisho karibu na choo. Kwenye filamu kamera inakuja yenyewe. Inakujia mpaka kwenye kope. Kwa hiyo unamtafuta mtu mwenye uso unaovumilia kusogelewa, na watu hao, kwa maoni ya wawili hao, hawakai majukwaani. Wako barabarani. Ndiyo maana kinyozi wa pale mbele aliwahi kutundikwa kuwa mwenye nyumba mkorofi, na daktari wa meno akawa karani, kwa jinsi tu anavyomwambia mtu, "Fungua."

Wote hao walipimwa. Wengine walipimwa kweli kwa sababu walileta nguo kushonewa. Wengine Mama Pini aliwapima kwa macho kutoka dirishani, akakata utepe, akautundika, na wenyewe wakaendelea kupita barabarani bila kujua kwamba wameshakuwa waigizaji.

Nafasi moja tu ndiyo iliyowashinda kukubaliana. Ilikuwa ya mwanamke anayeuza vifungo, katika mchezo ulioitwa kwa kazi yake. Mchezo wenyewe ni rahisi. Muuza Vifungo ana kibanda karibu na lango la kiwanda, na karani mmoja huja kila siku kununua kifungo kimoja tu, mpaka watu wanaanza kujiuliza shati gani hilo lisilokwisha kukatika vifungo. Katika sehemu ya pili karani anahamishwa kazi. Muuza Vifungo hafanyi lolote. Anafunga kibanda chake, na anapofunga, anaimba peke yake. Wimbo huo uliwaliza watu misimu yote mchezo ulipoonyeshwa, na gauni la wimbo huo, la rangi ya njano iliyoiva, alilishona Mama Pini.

"Trafiki," alikuwa akisema Giza, miaka nenda miaka rudi. "Yule dada wa kwenye mzunguko. Umemwona mikono yake? Ile mikono inaimba."

"Mikono anayo. Uso je? Uso wa trafiki ni wa kukuuliza leseni."

"Na uso wa wifi yako?"

"Wifi yangu akikupa dawa, unapona kabla hujaimeza."

"Basi muache hukohuko aponye watu. Filamu haina mgonjwa."

Wifi huyo ni dada mdogo wa mume wa Mama Pini. Anauza katika duka la dawa, barabara ya pili kutoka pale. Mama Pini humshonea makoti yake meupe ya kazini, kwa hiyo utepe wake upo siku zote. Alimchagua kwa jambo dogo alilolizoea kuliona akienda dukani. Wifi akihesabu vidonge hakutazami kabisa. Akimaliza, anafunga bahasha, ndipo anainua macho, na anapoinua unahisi kwamba ulikuwa umesahaulika na sasa umekumbukwa. Mama Pini aliamini kwamba hivyo ndivyo Muuza Vifungo alivyomtazama karani. Aliamini hivyo kama watu wengine wanavyoamini dini.

Kisha siku moja filamu ikaja kweli.

Kampuni ya filamu ililikodi jumba ili kuutoa Muuza Vifungo filamu. Ilikuja na malori, nyaya, na waigizaji wake, kama ilivyotarajiwa, na ikaja na fundi wake wa mavazi, kijana mtanashati aliyetembea na futi imening'inia shingoni. Nguo zilikuwa tayari zimeshonwa. Lakini mwongozaji, mama mwembamba mwenye sauti kavu, alipanda ile ngazi, akakiruka kipandio bila kuambiwa, akalikuta lile gauni la njano kwenye hanga. Lilikuwa limepauka kwa kufuliwa na kwa taa. Alilishika pindo, akaligeuza, akatazama mishono ya ndani.

"Nani kashona?"

Mama Pini alijionyesha kwa kidole. Pini zilikuwa mdomoni.

"Nishonee jipya kama hili. Nguo nyingine zote ni zetu. Hili moja litoke kwa mkono uleule."

Usiku huo alimwambia mumewe jambo ambalo hakumwambia Giza wala mtu mwingine. Alimwambia kwamba kila alichoshona maisha yake yote kimetazamwa mpaka pazia lishuke, kisha kikafuliwa mpaka kikachanika. Filamu haifuliwi. Alitaka kitu chake kimoja kibaki. Mumewe, ambaye alikuwa anavua viatu, alisema, "Basi shona vizuri," na kwa mtu wa maneno machache kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Alinunua kitambaa kilekile katika duka lilelile, kipande cha mwisho kilichokuwa kimebaki. Alikwenda hotelini kumpima nyota wa filamu, dada mrefu, mpole, aliyesimama wima kama mtoto anayepigwa picha. Akarudi na utepe wake, akautundika kwenye msumari wa Muuza Vifungo.

Giza akaja na chai yake. Akautazama msumari.

"Haya. Wifi kashushwa. Mwisho wa maneno."

"Hajashushwa na mtu."

"Si huyo hapo nyota ametundikwa? Au macho yangu ndiyo mabovu?"

Mama Pini akachukua utepe wa wifi yake kutoka kwenye msumari wa pembeni, akautundika palepale, juu ya ule wa nyota. "Akae hapo juu mpaka kesho," akasema. "Angalau alale na cheo."

Walicheka. Giza akashuka zake na kikombe.

Kesho yake Mama Pini alitandika kitambaa mezani, akakinyoosha kwa kiganja, akanyoosha mkono ukutani bila kugeuza shingo, na akakata.

Nyota alikuja kulijaribu siku moja kabla ya kupigwa picha za wimbo. Alikiruka kipandio kwa hatua moja kama anavuka mfereji. Akaingia nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, akatoka. Kiunoni gauni lingeweza kumhifadhi na mwenzake. Chini lilikuwa limeishia chini kidogo ya magoti. Mikono ililegea ikakomea chini kidogo ya viwiko.

"Mama," nyota akasema kwa upole, "nimerefuka tangu juzi?"

Fundi wa kampuni hakucheka. Alilizunguka gauni, akavuta mshono mmoja kwa vidole viwili, akamgeukia mwongozaji. "Lile la bluu liko tayari. Linamkaa vizuri."

Mwongozaji alimgeukia Mama Pini. "Kesho asubuhi," akasema. "Likiwa sawa, sawa. Lisipokuwa sawa, atavaa la bluu."

Walipoondoka wote, Mama Pini alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini. Kisha akakaa. Hakuhitaji kupima ili ajue kilichotokea. Alilitazama gauni, akaona mabega ya mtu anayemfahamu, na nyonga za mtu anayemfahamu. Giza alipofika alimkuta hivyo.

"Nimemkata wifi," akasema.

"Umemkata na nini?"

"Giza, usinichekeshe, naweza kukurushia pasi. Nimechukua utepe wa juu. Nimekata kipimo cha wifi. Kitambaa kimekwisha, na dukani kimekwisha."

Giza alivuta kreti akakaa. Alikuwa mtu wa utani, lakini alijua pia wakati wa kuuweka kando. Alitazama gauni jipya, akatazama lile kuukuu kwenye hanga.

"Upana si tatizo," akasema. "Upana unapunguza. Mikono ikunjwe. Muuza vifungo gani huyo anafanya kazi na mikono mirefu? Tatizo ni huku chini. Kata pindo la hili la zamani, unga."

"Limepauka. Itaonekana kama nimeunganisha na dekio."

"Kwa macho yako itaonekana. Macho yako si kamera. Kule chini wameweka taa kali ya pembeni, naiona tangu jana hainipendezi. Wakiishusha kidogo, pale chini patakuwa kivuli, na kivulini njano zote ni ndugu." Akasimama. "Lakini tusiseme tu. Shikiza pindo kwa mkono, tukalijaribu. Kamera yao imesimama mbele ya kile kibanda walichokijenga jukwaani tangu asubuhi, wanasumbuka na taa."

"Nani alivae? Nyota kaenda kufanya mazoezi ya sauti."

"Liko kwa kipimo cha nani mpaka sasa?"

Mama Pini alianza kutunga uzi kwenye sindano. Giza alikuwa tayari kwenye ngazi, akielekea duka la dawa.

Wifi alifika wakati wa mapumziko yake ya mchana, na koti jeupe, na kalamu mfukoni, na ghadhabu kidogo.

"Wifi, nimeambiwa umenikata kwa mkasi hata sikuwepo."

"Vaa kwanza, utanitukana baadaye."

"Nitafanya yote mawili kwa pamoja. Hii njano! Mimi na njano wapi na wapi? Nitafanana na embe lililokosa mnunuzi. Kaka yangu anajua mambo unayonifanyia?"

"Kaka yako ndiye aliyenileta katika ukoo huu. Mlaumu yeye. Inua mkono."

Gauni lilimkaa kama ngozi. Isipokuwa chini, ambako pindo lililoshikizwa lilimwagika sakafuni, ikabidi asimamishwe juu ya kreti la soda nyuma ya meza ya kibanda. Wapiga picha walimzunguka bila kumwona, kama watu wanavyomzunguka mtu aliyeazimwa. Giza alizungumza na fundi taa mwenzake wa kampuni, kwa ishara zaidi kuliko maneno. Taa ya pembeni ikashushwa.

Mama Pini alisimama nyuma ya mwongozaji, mbele ya skrini ndogo. Alikuwa amekuja kutazama pindo. Kwa dakika nzima hakulitazama pindo hata kidogo. Pale kwenye skrini alikuwa amesimama Muuza Vifungo wake, yule aliyemweka kichwani misimu yote, na kibanda, na trei za vifungo, na gauni. 

"Huyu anaweza kufunga kibanda?" mwongozaji akauliza. "Nataka kuona gauni likitembea."

"Wifi!" Mama Pini akaita. "Funga duka!"

Wifi alishuka kwenye kreti, akalikusanya gauni kwa mkono mmoja, akafunga kibanda jinsi anavyofunga kule kwake kila jioni. Akavuta mlango wa bati chini. Akatia kufuli. Akalivuta kuona kama limeshika, akageuka kuondoka, akarudi akalivuta tena. Kisha akajifuta viganja nyongani, kwenye njano ile mpya, na Mama Pini akajikuta anataka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Pindo halionekani," akasema mpiga picha. "Kivuli tu."

"Basi gauni ni hili," akasema mwongozaji, na akageuka. "Na wewe, dada, nina nafasi za wanawake wa sokoni. Hutaki kubaki?"

Wifi alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya mgongoni. "Nikibaki, nani atawapa dawa ya kikohozi? Tangu nimeingia humu nyote mnakohoa vumbi." Alipokwisha kuvaa koti lake nyuma ya pazia, akamtupia Mama Pini gauni mikononi. "Na siku nyingine ukinikata, uniite nishuhudie."

Giza alipanda naye tena juu. Alikaa kwenye kreti lake na kikombe kisicho na chai.

"Nakiri," akasema hatimaye. "Ni yeye. Trafiki nimemshusha."

Mama Pini alikuwa amengoja maneno hayo kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kukumbuka. Alipoyapata, aliitikia kwa kichwa tu, akatia pini mdomoni, akaanza kupunguza kiuno. Kazi ilikuwa mbele yake. Safari hii aliushika utepe sahihi, akaufunga mkononi kama saa.

Asubuhi, gauni lilimkaa nyota. Fundi wa kampuni aliligusa pindo, akaguna, na mguno wake ulikuwa wa heshima. Mikono ilikunjwa. Mama Pini na Giza walipewa ruhusa kusimama gizani nyuma ya nyaya, mradi wasikohoe.

Mwongozaji alikuwa amependa lile la kulivuta kufuli mara mbili. Akamfundisha nyota. Nyota akajaribu: akavuta, akageuka, akarudi, akavuta. Alifanya kila kitu sawa na kila kitu kikawa kimekufa. Akajaribu tena. Giza alimgusa Mama Pini kwa kiwiko, kumaanisha, unaona?

Mama Pini aliona. Na aliona kwamba furaha ya kuwa sahihi ilikuwa imemfikia, na haikuwa na ladha aliyoitazamia.

Nyota aliomba radhi, akaomba aachwe afanye mwenyewe. Wimbo ukaanza.

Kibanda kilikuwa kimejengwa kwa kimo cha watu wa kawaida. Ili aingie kuchukua trei za vifungo, ilimbidi yule dada mrefu ainame. Hakukificha kitendo hicho. Aliinama polepole, kama mtu aliyeinama mlango huohuo siku zote za maisha yake, na alipokuwa ndani hakuweza kunyooka. Aliimba ameinama, shingo imelazwa upande chini ya bati, akizipanga trei moja juu ya nyingine. Wimbo ni uleule, maneno ni yaleyale. Lakini mwanamke ambaye Mama Pini na Giza walikuwa wamembishania miaka yote, yule waliyemtafuta kwenye duka la dawa na kwenye mzunguko, siku zote alikuwa mtu anayeenea katika kibanda chake. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba labda kibanda kilikuwa kidogo kwake tangu mwanzo, na kwamba karani, alipokuja kununua kifungo chake kimoja, ndiye pekee aliyemfanya atoke nje na kunyooka.

Alipotoka, akanyooka. Gauni lote likashuka mpaka kifundoni, pindo la zamani likagusa vumbi.

Mama Pini alikuwa amekishika kidole chake cha shahada kwa mkono mwingine, kama aliyejichoma sindano na anazuia damu.

"Wifi yako," Giza akamnong'oneza, "angelivuta lile kufuli, lo, mahali hapa—"

"Nyamaza," akasema Mama Pini. "Huu wimbo ndiyo kwanza nausikia leo."